Lumbesa ya takwimu

Mkulima wa Kongwa huhitaji kumweleza lumbesa ni nini. Gunia limejaa, limeongezewa kilemba juu, na mnunuzi anaondoka na mahindi ambayo hakuyalipia. Sheria ya vipimo inakataza, Wakala wa Vipimo wanafuatilia, na pale soko la Kibaigwa hata mtoto atakwambia kilo ni kilo. Sisi tunaopima miradi ya maendeleo ndio bado tunauza kwa gunia.

Chukua neno "mnufaika". Kwenye mradi mmoja ni mama aliyepewa mbuzi. Kwenye mwingine ni yeyote aliyesaini karatasi ya mahudhurio ya semina, akanywa soda na kupokea nauli. Mradi wa tatu unamchukua mama yuleyule, unamzidisha kwa idadi ya watu wa kaya yake. Jumlisha ripoti zote tatu, kisha linganisha na Sensa ya 2022. Usishangae kijiji kikiwa na wanufaika wengi kuliko wakazi.

Linaloniuma zaidi ni msimu. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili hivi. Februari vihenge vinakaribia kukauka na uwele bado uko shambani. Julai watu wameshavuna. Miaka kadhaa nyuma nilisimamia wadadisi wilayani Chamwino. Taarifa za awali zilikusanywa Februari, na tulirudi kupima matokeo Julai kwa sababu mkataba ulikuwa unaisha. Dodoso lilelile, vishikwambi vilevile, swali lilelile: jana kaya ilikula milo mingapi? Bibi mmoja aliitikia shikamoo yangu, akasikiliza swali, akacheka. "Mjukuu wangu, Julai unaniuliza kama tumekula?" Nikajaza tatu, nikaenda nyumba ya pili. Hatukuwa na kijiji cha kulinganishia ambako mradi haukufika. Ripoti ikasema usalama wa chakula umeimarika, mfadhili akafurahi. Tulichopima pale ni mavuno.

Si kwamba hatuna miongozo. Vigezo vya kutathmini miradi vya OECD, jumuiya ya nchi tajiri, vya 1991 vilikuwa vitano, na 2019 kikaongezwa cha sita, kinachouliza kama mradi unaendana na kazi nyingine zinazofanyika mahali hapo. Afrika tuna AfrEA, chama cha watathmini wa bara zima, iliyoanzishwa 1999, yenye miongozo yake. Nyumbani tuna TanEA, chama cha watathmini wa Tanzania. Navikubali vyote. Lakini vigezo vinakwambia uulize nini juu ya mradi. Havikwambii Chamwino ukapime mwezi gani.

Wenzangu kadhaa wanataka bodi ya kutusajili na kutusimamia, kama wahasibu walivyo na NBAA na wahandisi ERB. Kuna hoja moja ninayowakubalia: katika kazi yetu anayepima mara nyingi analipwa na anayepimwa, na mshauri mwelekezi akiambiwa "lainisha kidogo ukurasa huu", hana pa kukimbilia. Hapo bodi ingesaidia. Ila nawajua watu wetu. Bodi itaanza na ada na muhuri, na mwenye muhuri atapima njaa Julai vilevile.

Ningependa tuanze na kidogo. Ofisi ya Taifa ya Takwimu iko hapa Dodoma, wizara zimehamia, Chuo Kikuu cha Dodoma kipo, Chuo cha Mipango kipo. Nauli ya bajaji inatosha kutukutanisha. Tukae tukubaliane nani ni mnufaika. Kaya tusijitungie, wenzetu wa takwimu wana maana yake tayari. Kipimo cha chakula kirudiwe mwezi uleule kilipoanzia, hata mfadhili akinuna. Madodoso yawe wazi ili kila mmoja aone mwenzake aliuliza nini, maana sasa tunayaficha kama mganga anavyoficha dawa, na kijiji kimoja kinaulizwa mambo yaleyale na timu tatu ndani ya mwaka.

Na ripoti irudi kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kwa Kiswahili. Ya kwetu iliandikwa kwa Kiingereza. Mtendaji wa kijiji aliomba nakala, nikamwahidi, na sikuipeleka.

Siku tutakayokaa, nitakuja na madodoso yangu yote. La Julai nitaliweka juu.