Sikupigwa na Mkwe, Niliokolewa

Najua mmeshaisikia ile sauti ya Shem. Kaituma kwenye kundi la ukoo, kundi la kazini, na lile la mpira ambalo hata mimi mwenyewe simo. Kwa maelezo yake, mama mkwe kanichapa na mti wa ufagio uani kwangu kwa sababu nimeshindwa kutengeneza gari. Mti wa ufagio ulikuwepo, sikatai. Na uligusa mwili wangu mara tano, hilo nalo sikatai. Ila sababu aliyoitoa ni uongo, na mwenye mgongo ni mimi, kwa hiyo nadhani nina haki ya kusimulia. Naandika nikiwa nimelalia tumbo, mkiona herufi zimerukwa mnivumilie.

Lilianza feni la rejeta. Nawasha gari asubuhi, injini ya baridi kabisa, feni hilo vuuu, na halizimi. Taa ya cheki injini ikawaka. Kuwaka ikawa kwa kubembeleza, sailensa, ule mngurumo wa gari lililosimama, inapanda na kushuka, moshi mweusi nyuma, mafuta linakunywa kama limeapishwa. Shem akaniambia, "Shemeji, ita fundi umeme." Nikamjibu, "Gari langu nalijua mimi." Ikumbukeni hiyo sentensi, maana kwenye sauti yake kairudia mara tatu akibana pua.

Nina kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani, kinasomea hitilafu kwenye simu. Kikaniletea P0118, namba ya hitilafu ya sensa ya joto la maji, na joto la maji ya injini likaandikwa: -40. Nyuzi arobaini chini ya sifuri! Mimi hapo niko na singlendi, jasho linachuruzika mpaka kwenye nyusi, gari linanieleza kwamba limeganda barafu.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo mtu mwenye akili angemaliza kazi. Sensa ya joto la maji ina waya mbili. Kompyuta ya gari inaipelekea volti 5 na kuangalia zinashuka kiasi gani. Injini ikiwa ya baridi, sensa inabana umeme. Ikipata moto, inaachia. Waya ukikatika, kompyuta inaona umeme umebanwa kupita kiasi, inajiambia nje huko ni barafu tupu. Inasoma -40, inamwaga mafuta mengi, na kwa kuwa haijui tena injini ina moto kiasi gani, inawasha feni muda wote kwa usalama. Kwa hiyo ukiona -40, tafuta waya. Mimi nilitafuta sensa.

Nikafunga sensa mpya. -40. Nikasema hii feki. Nikafunga ya pili. -40. Boksi la hiyo ya pili nililiacha pale pale pembeni ya betri. Nalo mlikumbuke.

Baada ya sensa mbili ndipo nikafanya kipimo cha bure: unachomoa soketi ya sensa, unaunganisha vitundu vyake viwili kwa kipande cha waya, unatazama simu. Namba ikiruka juu, njia ni nzima na ubovu uko kwenye sensa. Isipocheza, ubovu uko njiani au kwenye kompyuta. Haikucheza. Nikamwita mke wangu, nikavua miwani kama daktari anayetoka chumba cha upasuaji, nikamwambia, "Kompyuta imekufa."

Usiku huo, saa tisa, honi ikalia yenyewe. Siyo pi pi. Ni paaaaaa, bila kituo. Nimetoka na taulo, nimebonyeza usukani, nimepiga teke tairi, haikati. Mpaka nilipochomoa fyuzi yake, ile ya ampia 10, mtaa mzima ulikuwa dirishani. Asubuhi nikaenda kuwasema watoto wa jirani, ambao, nilikuja kuambiwa taratibu na kwa heshima, walikuwa wamesafiri tangu juzi yake.

Kitufe cha honi kwenye magari mengi hakileti umeme, kinagusisha tu waya kwenye bodi. Ukichubuka mahali popote ukagusa chuma, honi inalia, iwe kuna dereva au hakuna. Kumbe kuna mtu alikuwa anapiga honi yangu kwa meno.

Na dalili niliziona! Juu ya betri kulikuwa na vipunje vyeusi, virefu kidogo, kama punje za mchele. Nikajua ni mpira wa feni belti unalika. Nikachukua kimoja. Nikakisugua kwa vidole. Nikakinusa. Tuendelee.

Jumamosi. Mama mkwe alikuwa kwetu, kesho yake nilipaswa kumsafirisha, na nilishajiapiza kwamba atasafiri kwenye gari hili hili. Chuma cha kushikilia boneti kilivunjika zamani, kwa hiyo nikaiegemeza kwa mti wa ufagio. Mama mkwe nikamketisha kwenye kiti cha dereva na simu mkononi: "Mama, namba ikibadilika niite." Fyuzi ya honi nikairudisha, eti nijaribu matatizo yote kwa mkupuo. Nikavaa ovaroli ya Shem, saizi mbili zaidi yangu, nikafunga vifungo mpaka shingoni. Shem mwenyewe kakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, simu tayari.

Nikaamua kuufuata waya kwa vidole, maana nyuma ya ea klina, lile boksi la kuchujia hewa, huoni kitu. Mkono ukazama mpaka kwenye kiwiko. Naupapasa: koti la plastiki lenye mikunjo, zuri, zima. Mbele kidogo koti limeisha, kingo zimekwaruzika. Halafu kitu kikanichoma kidoleni kama mwiba. Shaba! Waya umekatika! Furaha niliyopata pale, nyie. Nikapaza sauti, "Nimeupata!" Mama mkwe akanipigia makofi ndani ya gari.

Ningetoa mkono hapo, leo tungekuwa tunazungumza mambo mengine.

Nikaendelea. Nikagusa karatasi. Kisha sufi. Katikati ya sufi, kitu laini. Laini, na kina joto. Nikasimama kidogo nikafikiri, kwa sababu injini ilikuwa haijawashwa tangu jana. Joto la nini? Nikakiminya. Kikabonyea. Nikakiminya tena, na msiniulize kwa nini mara ya pili. Safari hii kikapumua.

Sikumwona panya akija. Nilimsikia kwenye ngozi. Kucha nne nne zikapanda kiganja, zikaingia kwenye mkono wa ovaroli, kiwiko, bega. Nikachomoa mkono kwa nguvu, mkono ukaja na waya zote, na ule wa honi ukagusa chuma. PAAAAAA! Kichwa kikagonga boneti. Panya kafika kwapani. Nataka kusema "panya", mdomo unatoa "ii, ii, ii". Mikono inatetemeka, miguu inacheza ngoma yake, yeye kashahamia mgongoni na anatafuta mlango, na milango yote nimeifunga kwa vifungo.

Mama mkwe, kutoka ndani, kaona mkwe wake kaganda kwenye gari, anatikisika, anatoa sauti isiyo ya binadamu. Akaruka nje: "Umeme umemshika! Msimguse kwa mikono!"

Na kweli, mtu aliyeshikwa na umeme humshiki kwa mikono, unamtenganisha kwa mti mkavu. Mama anajua. Mti mkavu wa karibu ulikuwa ule unaoshikilia boneti. Akauchomoa. Boneti ikashuka kwa kishindo juu ya multimita yangu mpya ya kupimia umeme, ipumzike kwa amani.

Tatizo ni kwamba mimi nilikuwa nimeshatengana na gari. Nilikuwa katikati ya uwanja, nazunguka. Mama nyuma yangu na mti: "Achia! Achia, mwanangu!" Niachie nini, mama? Wa kwanza bega. Wa pili na wa tatu mgongo. Panya naye kila mti ukitua anahama, na mti unamfuata bila kujua. Wa nne siutaji ulitua wapi. Wa tano ndio uliompata yeye. Akateleza mpaka kwenye mguu wa suruali, akadondoka chini, chali.

Honi bado inalia. Mama mkwe akamtazama panya kwa huruma. "Masikini, hata panya umeme umemshika."

Panya akajigeuza, akajipangusa masharubu, akarudi chini ya gari lile lile. Bila haraka.

Nilitaka kumwambia, mama, betri ni volti 12, haimshiki mtu hivyo. Nikamtazama usoni. Anahema, machozi yanamlengalenga, mti kaukumbatia kifuani. "Umepona, mwanangu?" Nikasema, "Nimepona, mama. Asante." Shem, umesikia? Nilisema asante. Anayepigwa hasemi asante. Na ile video unayotisha watu nayo nimeiona, umecheka mpaka umerekodi viatu vyako mwanzo mwisho.

Yaliyobaki mafupi. Mama kasafiri kwa basi. Fundi umeme kaja Jumatatu, kafungua ea klina, kakuta nyumba kamili: sufi ya boneti, karatasi ya filta, na boksi langu la sensa limechanwa vipande. "Kumbe ulikuwa unamletea samani," akasema. Akalowesha kinyesi kwa dawa kabla ya kukifuta, akanionya vumbi lake lina magonjwa lisivutwe puani. Nikamwambia mimi nilikinusa. Akanitazama muda mrefu. Waya tatu akaziunga kwa risasi ya kuyeyusha, kila kiungo sehemu yake visilaliane, akavivalisha mipira ya kusinyaa na koti jipya. Namba ikatoka -40 ikaja 31. Sensa yangu ya kwanza kabisa ilikuwa nzima. Meno ya panya hayaachi kukua, ndiyo maana lazima agugune kitu, kwa hiyo sasa mtego uko chini ya gari na boneti usiku inalala wazi, mti wa ufagio mwingine.

Mama mkwe anapiga simu kila jioni kuuliza kama umeme umeshatoka mwilini. Jana akanyamaza kidogo, akauliza, "Hapo nyumbani balbu zikiungua, anabadilisha nani?"

Nikamwambia, "Binti yako, mama."

"Haya. Abadilishe yeye."