Uraia haufundishwi ubaoni pekee

Nimesoma makala yenu kuhusu programu zinazowatoa vijana wa Lubumbashi darasani ili wajifunze uraia kwa vitendo, nami naziunga mkono kwa moyo wote, kwa kuwa nimefundisha elimu ya uraia miaka mingi katika komini (wilaya ya jiji yenye baraza lake) ya Katuba na nimewaona wanafunzi wakikariri vifungu vya Katiba ya nchi yetu, Kongo-Kinshasa, ya 2006 bila kujua ofisi ya komini yao iko wapi. Makala imesifu zaidi salongo, yaani kazi ya pamoja ya usafi wa mtaa. Kufagia njia na kuzibua mitaro ni kazi njema, lakini kijana anayeshika jembe bila kuuliza fedha za usafi zimekwenda wapi amejifunza nusu tu. Mkoa wetu ni wa shaba na kobalti, na Sheria ya Madini iliyorekebishwa 2018 inagawa waziwazi mrabaha, yaani malipo ambayo kampuni za migodi hulipa kwa madini zinayoyachimba: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa komini, sekta au uchifu wenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Hesabu hiyo mwanafunzi wa sekondari anaiweza. Apewe bajeti ya komini yake aisome na wenzake, kisha waende kwa heshima kumwuliza mshauri wa komini aliyechaguliwa Desemba 2023 kwa nini kazi fulani haijafanyika, na waandike jibu lake. Asipojibu, waandike hivyo hivyo. Wasichana nao wapewe uenyekiti wa mijadala hiyo, maana mara nyingi huachiwa ukarani tu.