Kuacha Gari Nyumbani ni Deni la Nani?

Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za kaboni dioksaidi, na anayekanyaga mafuta ni dereva mwenyewe, wala si waziri au mhandisi wa barabara. Hiyo ndiyo hoja ya wanaosema kupunguza matumizi ya gari ni wajibu wa kila mmoja wetu. Wana nguvu zaidi wanapozungumzia safari fupi. Injini iliyopoa hula mafuta mengi kwa kila kilomita, na kifaa cha kusafisha moshi kilichomo kwenye ekzosi hakifanyi kazi ipasavyo mpaka kipate moto. Kwa hiyo kilomita moja ya kwanza huchafua hewa kuliko ya kumi, ilhali ndiyo ambayo mtu mwenye afya angeitembea kwa miguu. Hapo sioni utetezi mkubwa, isipokuwa kwa mgonjwa, mwenye ulemavu, au mwenye mzigo na watoto.

Wapinzani wao hujibu kwamba lawama imebandikwa pasipostahili, na wana sababu ya kushuku. Mwaka 2004 kampuni ya mafuta ya BP iliweka mtandaoni kikokotoo cha kumwezesha mtu kupima kaboni anayoizalisha yeye mwenyewe. Mnunuzi akishughulishwa na dhambi zake, muuzaji anapata pa kupumulia. Tena kuna tabia ya barabara yenyewe: ukiacha gari leo, nafasi yako humvutia mwingine aliyekuwa akiikwepa foleni. Ndiyo maana barabara za mijini zikipanuliwa hujaa tena. Na yule ambaye kazi, shule ya watoto na hospitali viko pande tatu tofauti, huku basi likipita linapojisikia, tunamlaumu kwa uamuzi gani hasa?

Mfano unaonisumbua ni wa Stockholm, mji mkuu wa Sweden. Januari 2006 jiji hilo lilianza kwa majaribio kutoza magari yanayoingia na kutoka katikati ya mji. Wakazi wengi walikuwa wakiupinga mpango huo. Magari yanayovuka mpaka wa tozo yalipungua kwa takriban asilimia 20, kisha majaribio yaliposimama mwishoni mwa Julai, mengi yakarudi. Madereva walikuwa wale wale, dhamiri zao zile zile. Hadi hapo, ushindi ni wa wanaosema mfumo ndio kila kitu. Lakini Septemba mwaka huo wakazi wa jiji walipiga kura, na wengi, ingawa kwa tofauti ndogo, wakaikubali tozo, ikarejeshwa mwaka 2007. Mfumo haukujirudisha wenyewe. Uliidhinishwa na watu ambao baadhi yao walijua fika kwamba wangeulipia.

Kwa maoni yangu, wajibu mzito wa mtu binafsi uko hapo, kwenye kura na kwenye mikutano ya mtaa, kuliko kwenye ufunguo wa gari. Kuna anayetembea kwenda kazini kila siku, halafu anapinga njia ya mabasi kwa kuwa itachukua maegesho yaliyo mbele ya nyumba yake. Kuna anayeendesha kila siku kwa kukosa njia nyingine, naye anaiunga mkono njia hiyo hiyo ijapokuwa itamzidishia foleni. Kati ya hao wawili, mimi ningemdai zaidi yule wa kwanza.