Kajitakia mwenyewe, kwa hiyo asitibiwe?

Ukitaja tu bili ya mlevi aliyelazwa ini limeisha, hakosi mtu wa kusema huyo kajitakia, kwa nini hela yetu imtibu. Na sasa hivi Tanzania tunavyoingia kwenye Bima ya Afya kwa Wote, sheria ya 2023, hii hoja itapamba moto zaidi maana wote tunachangia kapu moja, na mtu anayekimbia kila alfajiri na hagusi hata soda ana haki ya kuuliza anamlipia nani.

Uingereza walishajaribu. 2016 kule Vale of York wasimamizi wa bajeti ya NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya kule, walitaka wanene wenye BMI (kipimo cha uzito kwa urefu) kuanzia 30 wasubiri hadi mwaka mzima kwa operesheni zisizo za dharura, na wavuta sigara hadi miezi 6, labda mtu apungue uzito au aache fegi kabla ya hapo. Zikapigwa kelele, NHS ya taifa ikawasimamisha kwanza. Mwaka uliofuata Hertfordshire nao wakaja na ya kwao, inafanana tu.

Tusiwapuuze hao jamaa, kuna sehemu wana pointi. Mvuta sigara akipasuliwa kidonda kinachelewa kupona na maambukizi ni rahisi, kwa hiyo daktari akikwambia acha fegi wiki kadhaa ndo nikupasue anakusaidia wewe mwenyewe. Ila hiyo ni sababu ya kitabibu, ikishageuka kuwa njia ya kubana bajeti au kumkomoa mtu ni mambo mawili tofauti kabisa.

Kisa kinachonipa shida ni cha George Best, yule winga wa Man U. Alipandikizwa ini 2002 kupitia NHS, akarudi kwenye chupa, 2005 akafariki na miaka 59. Waliokasirika siwalaumu, lile ini kuna mgonjwa mwingine alikuwa analisubiri. Lakini ini huliongezi kwa kuongeza bajeti, yapo machache na lazima wachague, na hata hapo swali la maana ni nani ana nafasi kubwa ya kupona, siyo nani ana dhambi kidogo.

Turudi nyumbani sasa, hiyo hukumu anatoa nani? Ini linaharibiwa na gongo sawa, lakini linaharibiwa pia na hepataitisi B ambayo wengi wameipata utotoni, na sumukuvu ya kwenye mahindi na karanga, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara 2016. Mapafu ya mvuta sigara na ya mama aliyepikia kuni miaka 30 yanakohoa vilevile. Halafu mgonjwa akishajua jibu la kweli linamnyima tiba si atadanganya tu, na daktari atibu kwa kubahatisha.

Hili la kajitakia tulishalisikia kwenye ukimwi, tena lilihubiriwa hadi kwenye nyumba za ibada. ARV zikaja zikatolewa bure bila kumuuliza mtu alilala na nani, na leo anayemeza dawa vizuri mpaka kirusi hakionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzie, yaani kumtibu yeye ndo kumlinda huyo mwadilifu anayelalamika.

Na mnywaji siyo kwamba anakula bure. Sheria hiyohiyo ya bima imeweka ushuru wa pombe kali na soda kwenye vyanzo vya kuwalipia wasio na uwezo. Mimi naona huko ndo pa kubana, kwenye ushuru, na yule wa bodaboda asiye na helmeti apigwe faini barabarani, siyo akishafika mapokezi mguu unaning'inia ndo tuanze kumhoji.

Najua jibu litakuwa hela hazitoshi, kumsafisha damu mwenye figo zilizofeli mara tatu kwa wiki ni gharama, sukari na presha zinaongezeka kila kukicha. Kweli. Ila mgao wa namna hii utaanza na nani? Kigogo mwenye kitambi chake presha ikipanda anapandishwa ndege kwenda India na hakuna wa kumuuliza wikiendi alikunywa nini. Fomu ya maswali atajaza yule aliyelala wawili kitanda kimoja.