Baiti 254: Nani Anayelipia UTF-8 Katika Faili za Ramani?

Kila mara mtumiaji wa programu huria za ramani anapolalamika kwamba majina ya miji yake yamegeuka alama zisizosomeka, hupewa shauri moja: hifadhi kwa UTF-8, mambo yaishe. UTF-8 ni usimbaji, yaani kanuni ya kugeuza herufi kuwa baiti, vipande vidogo ambavyo kompyuta huhifadhi, nayo hubeba hati za lugha zote. Kwa sehemu kubwa shauri hilo ni sahihi, na wanaolitoa ni watu wanaoijua kazi. Hata hivyo limezaa dhana isiyo ya haki, kwamba wachora ramani wa Urusi, wa Japani au wa nchi za Kiarabu wanaoendelea kutumia shepufaili (faili za data za ramani) zenye usimbaji wa zamani, uliotengenezwa kwa ajili ya hati yao tu, wanafanya hivyo kwa ukaidi, au kwa kuwa habari hazijawafikia. Habari ziliwafikia zamani. Tatizo lao limo ndani ya faili yenyewe, na linaweza kuhesabiwa baiti kwa baiti.

Shepufaili ni muundo wa kampuni ya Esri wa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Maumbo hukaa katika .shp, na majina pamoja na takwimu hukaa katika .dbf, yaani jedwali lililorithiwa kutoka dBASE, programu ya zamani ya hifadhidata, ambalo hupima upana wa safu kwa baiti wala si kwa herufi. Safu moja ya maandishi haiwezi kupita baiti 254, na jina la safu haliwezi kupita baiti 10. Enzi za dBASE mtumiaji wa herufi za msingi za Kilatini, zisizo na alama za juu, hakuwa na sababu ya kujali tofauti hiyo, kwa sababu herufi yake moja ilikuwa baiti moja. Hata leo hana sababu, maana UTF-8 nayo humpa herufi hizo kwa baiti moja moja.

Kwa wengine hesabu ni tofauti. Herufi ya Kirusi au ya Kiarabu huchukua baiti mbili katika UTF-8, na herufi ya Kiamhara au ya kanji huchukua tatu. Safu ile ile ya baiti 254 humpa mwandishi wa herufi za msingi za Kilatini herufi 254, Mrusi au Mwarabu herufi 127, Mhabeshi au Mjapani herufi 84, na baiti mbili zinabaki ambazo haziwezi kubeba kitu. Mtu anaweza kusema kwamba hakuna kijiji chenye jina la herufi 84, naye atakuwa amesema kweli. Lakini safu za .dbf hubeba pia maelezo ya umiliki wa kiwanja, anwani kamili na aina ya matumizi ya ardhi, na hayo hurefuka upesi.

Baiti 10 za jina la safu zinabana zaidi. Afisa anayeandika kwa Kiswahili anaweza kuita safu yake idadi_watu, herufi 10 kamili, akaendelea na kazi bila kujua kwamba amefika ukingoni. Mrusi mwenye safu hiyo hiyo huiita население, herufi tisa, ambazo katika Windows-1251, usimbaji wa zamani wa Kirusi, ni baiti tisa na zinaingia zote. Katika UTF-8 zinakuwa baiti 18, na kinachosalimika ni насел. Ikiwa jedwali lake lina safu nyingine ya makazi iitwayo населпункт, ambayo katika 1251 ilienea barabara, hiyo nayo hubaki насел, na programu hulazimika kubuni jina jingine kwa mojawapo ili zisigongane. Mjapani anayeweka jina la mkoa huandika 都道府県名, kanji tano, ambazo katika Shift_JIS, usimbaji wa zamani wa Kijapani, ni baiti 10 bila hata moja kuzidi. Akihamia UTF-8 zinakuwa 15, zinaingia kanji tatu, na mbili za mwisho huanguka, pamoja na ile inayoonyesha kwamba safu ni ya jina, si ya namba ya utambulisho. Kwa hiyo usimbaji wa zamani ndio uliomwezesha kuandika vichwa vya jedwali kwa lugha yake. Usimbaji mpya, ndani ya chombo kile kile, unamsukuma arudi kwenye vifupisho vya Kilatini. Jambo hili halisemwi vya kutosha na wanaodai kwamba UTF-8 ndiyo iliyoleta usawa wa lugha katika kompyuta.

Kuna pia suala la jedwali zilizokwisha kujazwa. Tuseme safu ilitengewa baiti 30, nayo ina jina la mkoa wa Нижегородская область, lenye herufi 20 na nafasi moja. Katika 1251 hizo ni baiti 21 na nafasi ya kupumua inabaki. Ukibadilisha usimbaji bila kupanua safu, jina linahitaji baiti 41. Zitaingia herufi zote za neno la kwanza, nafasi, herufi moja ya neno la pili, kisha nusu ya herufi inayofuata. Programu makini huitupa nusu hiyo. Isiyo makini huiandika, na faili inabaki na baiti yatima ambayo programu nyingine itaikataa au kuionyesha kama kisanduku cheusi. Bila shaka safu inaweza kupanuliwa. Ila .dbf hutenga upana ule ule kwa kila rekodi hata iliyo tupu, hivyo kupanua safu moja ni kuongeza uzito wa kila mstari, na jedwali ambalo ofisi tatu au nne zimekuwa zikibadilishana kwa miaka halipanuliwi na ofisi moja kwa uamuzi wake peke yake.

Ugumu wa pili ni kile ambacho faili hujisemea. Katika kichwa cha .dbf, baiti ya 30 hutaja ukurasa wa msimbo, yaani usimbaji wa zamani, uliotumika: 201 ni Windows-1251, 101 ni msimbo wa Kirusi wa zama za DOS, 19 ni Shift_JIS. Ingekuwa hivyo kila mahali, ugomvi ungekwisha. Lakini faili nyingi hubeba 87, thamani ambayo kwa maana yake ya asili inasema tu kwamba maandishi yamo katika usimbaji wa Windows wa mashine iliyoyaandika. Mashine ya Moscow iliandika 87 ikimaanisha 1251. Mashine ya Muscat iliandika 87 ikimaanisha 1256, usimbaji wa Windows wa Kiarabu. GDAL, maktaba ambayo QGIS na programu nyingine nyingi huria huitegemea kusoma faili hizi, huichukulia 87 kuwa ISO-8859-1, yaani usimbaji wa lugha za Ulaya Magharibi. Hapo ndipo Москва (Moscow) inapofunguka ikiwa Ìîñêâà. Hakuna baiti iliyoharibika. Zote sita ziko palepale zilipoandikwa, ila zimesomwa kwa kitabu kisicho chake.

Tiba iliyopatikana ni faili ndogo ya .cpg, ya maandishi matupu, inayokaa kando ya nyingine na kutaja usimbaji kwa jina. GDAL huitazama kwanza kabla ya kurudi kwenye ile baiti ya 30. Ni tiba nzuri mradi faili hiyo ipo, nayo ndiyo mtu huisahau anapotuma shepufaili kwa barua pepe, kwa kuwa ramani hufunguka hata ikikosekana.

Upande wa UTF-8 nao una hoja nzito, na mojawapo haina jibu. Orodha ya kurasa za msimbo za dBASE haina nafasi ya Kiamhara. Hati ya Kihabeshi iliingia katika Unikodi, orodha ya pamoja ya herufi ambayo UTF-8 huiandika, mwaka 1999 kwa toleo la 3.0, na kabla ya hapo watu walitumia fonti za kubuni, kila moja na mpangilio wake. Kumwambia mchora ramani wa Addis Ababa abaki na usimbaji wa zamani ni kumwambia abaki na kitu ambacho hakikuwapo. Kwake አዲስ አበባ ni baiti 19 za UTF-8, na atazilipa kwa sababu hana njia nyingine. Vivyo hivyo ukurasa mmoja wa msimbo hauwezi kubeba hati mbili zisizo na uhusiano, hivyo faili ya mpakani yenye majina ya Kiarabu na ya Kiamhara katika mstari mmoja haiwezekani bila Unikodi. OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, ambayo huweka jina la mahali pamoja na majina yake katika lugha nyingine ubavuni, isingeweza kujengwa juu ya kurasa za msimbo.

Tena usimbaji wa zamani una mitego yake. Katika Shift_JIS, baiti ya pili ya baadhi ya kanji ina thamani ile ile ya alama ya mkwaju wa nyuma, ambayo programu nyingi huitafsiri kuwa amri. Kanji ya kwanza ya 能登, rasi ya Noto, ni mojawapo. Programu isiyojua kwamba inasoma Shift_JIS inaweza kuuona mkwaju katikati ya jina na kuumeza. UTF-8 haina tatizo hilo hata kidogo, kwa kuwa baiti zote za herufi zisizo za Kilatini ziko nje ya eneo la alama za kawaida.

Wapo wanaojaribu kuupita ugomvi huu kwa kutaka programu ibahatishe usimbaji yenyewe. Sidhani kama wameipima kazi hiyo. UTF-8 ina kanuni kali za mfuatano wa baiti, kwa hiyo maandishi yasiyo ya UTF-8 hujitambulisha upesi. Lakini kati ya kurasa mbili za baiti moja moja, kama 1251 na KOI8-R, usimbaji mwingine wa Kirusi, karibu kila mfuatano ni halali pande zote mbili. Kinachoweza kuzitofautisha ni takwimu za herufi zinazojirudia, na takwimu huhitaji maandishi marefu. Jedwali lenye majina machache ya vijiji linaweza lisitoe ushahidi wa kutosha. Kubahatisha kukikosea, hakumpi mtumiaji ishara yoyote. Humpa majina yanayoonekana kama majina. Afadhali alama mbovu zinazopiga kelele.

Sisi tunaoandika Kiswahili tumeukwepa mjadala huu kwa bahati ya tahajia. Majina yetu karibu yote hutosha katika herufi za msingi za Kilatini, na ndiyo maana mtu anaweza kuchora mitaa ya Dar es Salaam kwa miaka bila kugusa kisanduku cha usimbaji. Kinachotukamata ni kile kikoma cha juu. Programu ya kuandikia ikikigeuza kiwe cha kupinda, Chang’ombe huwa na herufi ambayo ISO-8859-1 haina kabisa, na ambayo UTF-8 huiandika kwa baiti tatu. Zisome baiti hizo kwa usimbaji wa Windows wa Ulaya Magharibi, upate Changâ€™ombe. Anayeona hilo katika safu moja ya ramani yake anaweza kukisia hali ya mtu ambaye safu zake zote ziko hivyo.

Kwa maoni yangu, kosa la wanaohimiza UTF-8 ni kuitaka ndani ya chombo kinachowaadhibu wale wale waliokusudiwa kusaidiwa. Ukitaka UTF-8, badilisha na chombo. GeoPackage, iliyopitishwa na shirika la viwango la OGC mwaka 2014, hukaa juu ya hifadhidata ya SQLite, na kikomo cha safu yake ya maandishi, kikiwekwa, huhesabiwa kwa herufi. Kule население hukaa nzima, 都道府県名 nayo nzima. QGIS ilifanya vyema kuifanya chaguo la kwanza la kuhifadhia tangu toleo la 3.0 la mwaka 2018. Lakini hadi ofisi inayopokea faili ikubali muundo huo, na nyingi bado huandika katika masharti yao kwamba zinataka .shp, mwenye shepufaili ya Windows-1251 au Shift_JIS asilaumiwe kwa kuiacha ilivyo, mradi aweke .cpg inayosema kweli.

Kwa waandishi wa programu, hilo lina maana ya kazi mbili mahususi. Ya kwanza ni kutoziondoa kurasa za msimbo za zamani katika orodha ya kusomea, hata pale zinapoonekana kuchafua dirisha la mipangilio, kwa sababu hifadhi za faili za miaka 30 hazitajibadilisha zenyewe. Na uwezo wa mtumiaji kupuuza usimbaji uliotajwa na faili, ambao QGIS inao, ubaki mahali pa kuonekana. Ya pili ni juu ya kuandika. GDAL isipoelekezwa usimbaji, shepufaili mpya huandikwa kwa ile 87, na herufi za Kirusi au za Kiarabu hazina mahali katika ISO-8859-1. Chaguo-msingi hilo halimfai yeyote kati ya pande hizi mbili. Na mtumiaji anapochagua UTF-8 kwa shepufaili, programu ihesabu baiti kabla ya kuandika, kisha imwambie ni safu zipi hazitatosha, ni rekodi ngapi zitakatwa, na kwamba GeoPackage ingezibeba zote.