Kiunzi Kikae Kwanza, Weupe Baadaye

Fomu za madaktari zinazoshuka maabara yetu ya meno bandia siku hizi ni zirkonia, zirkonia, zirkonia, ile kauri ngumu ya kutengenezea meno. Mgonjwa ameshasikia kwamba ni nyeupe na haina chuma, basi kesi imekwisha. Sina ugomvi na weupe. Ila kisiki cha jino, yaani jino lililochongwa ili livishwe kofia ya bandia, hakijui rangi. Kinachokiumiza ni ule mwanya kati ya ukingo wake na ukingo wa kofia, mate yanapopenya na saruji inayoishikilia kofia ikaliwa polepole. Mwaka 1971 watafiti wa meno McLean na von Fraunhofer, baada ya kufuatilia kazi zaidi ya 1,000 kwa miaka 5, walisema mwanya usizidi mikromita 120. Kadiria unene wa nywele mbili.

Kila kitu tunachotumia husinyaa, na ufundi wetu mwingi ni kukimbizana na kusinyaa huko. Dhahabu ikimiminwa hupungua kama asilimia 1.5 inapopoa, aloi (michanganyiko ya metali) za nikeli na za kobalti hufika 2 na kupita. Upungufu huo tunaufidia kwa ukungu, yaani kalibu ya kumiminia, unaotanuka tanurini, na ukikosea kipimo cha maji tu, kofia inabana au inacheza. Dhahabu angalau ina huruma: ukingo wake ni laini, unausugua mpaka unalala juu ya jino. Kobalti haibembelezeki.

Zirkonia yenyewe mashine huichonga ikiwa laini kama chaki, kubwa kuliko inavyotakiwa kwa asilimia 20 hadi 25, halafu inaokwa kwenye nyuzi karibu 1,500 isinyae. Kofia moja hutoka safi kabisa, nakubali bila kinyongo. Tatizo ni daraja refu, yaani meno bandia yaliyoungana kuziba pengo, linalofuata mviringo wa taya. Likijikunja kidogo tu tanurini, unalibonyeza upande huu, linanyanyuka upande ule.

Na hapo ndipo ninapoipendea kobalti, pamoja na ubaya wake wa sura. Ikikataa mdomoni, daktari anaikata, anaunganisha vipande kwa rezini (plastiki inayoganda) palepale juu ya meno, inarudi kwangu nalehemu. Zirkonia ikikataa, tunaanza upya, na bili ni ya nani?

Lakini ili ikatae ni lazima ijaribiwe mdomoni ikiwa bado kiunzi, yaani umbo la ndani la daraja kabla ya kauri kuwekwa juu. Madaktari wengi wanaruka hatua hiyo kuokoa ziara moja. Wanataka daraja lije na kauri yake juu, limeng'aa. Mimi fomu ya daraja la meno manne kwenda juu isiyo na tarehe ya kujaribu kiunzi, nairudisha.