Kafa Palepale

Mjomba wangu alifariki siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi, na mimi ninayeishi naye ndiye niliyekuwa wa mwisho kupata habari.

Mji wetu una barabara moja, nayo huishia shambani kwa mtu. Huku huulizwi unaitwa nani. Unaulizwa jana ulikuwa unaelekea wapi na ule mfuko. Salamu peke yake hugeuza njia ya dakika kumi kuwa nusu saa, na ukikatiza uchochoroni kuzikwepa, hilo nalo ni habari.

Asubuhi hiyo maji ya mvua yalikuwa yametuama mlangoni, nikatoka kwenda kuazima sepetu. Mjomba nilimwacha amelala. Goti lilikuwa linamsumbua, siku ya tatu hajaonekana nje, na siku tatu za kutoonekana, kwa huku, tayari ni nusu ya msiba.

Sikufika mbali. Nyuki alinitua chini ya jicho la kulia, akauma. Nyuki wa asali mwiba wake una vijino; ukishazama kwenye ngozi ya mtu hautoki, unabaki na kifuko chake kikiendelea kusukuma sumu, na mwenyewe anachanika tumbo. Kwa hiyo tulikuwa tumeumizana, ila mimi ndiye niliyeendelea na safari, machozi yakinitiririka macho yote mawili.

Pale kona kuna bibi ambaye macho yamemchoka lakini masikio bado mapya.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unalia? Pole."

"Nimeshapoa. Ni ghafla tu, bibi, sasa hivi."

"Ghafla! Na mwenyewe?"

"Mwenyewe kafa palepale. Nimemwona akidondoka miguuni pangu."

Bibi akashika kichwa. "Sasa umemwacha na nani?"

"Nimemwacha tu, bibi. Wenzake watamwona. Mimi nakimbilia sepetu."

Lawama yote naitupia lugha. Nyuki tunampa heshima ileile ya mtu: kafa, kadondoka, kaachwa. Nani angejua?

Nilipofika kwa mwenye sepetu nilikuta ameshaitoa nje, na vijana wawili wamesimama kando yake. Mtu huyu, ambaye kwa kawaida hukuhoji kama polisi kabla ya kukuazima hata kamba, aliniuliza kwa upole, "Urefu gani?"

"Mita tatu hivi."

"Tatu? Na kina?"

"Kifundo cha mguu kinatosha. Maji yapite tu."

Wale vijana walitazamana. Nikawaambia wasijisumbue, nitachimba peke yangu kabla jua halijawa kali.

Kurudi kulichukua muda, maana kila niliyekutana naye alinipa pole, na kila pole niliijibu asante. Niliguswa, kusema kweli. Nyuki mmoja tu, mji mzima umetikisika! Mzee mmoja alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Jikaze. Hiyo ni njia yetu sote."

"Kweli, mzee," nikamwambia, "hasa kipindi hiki cha maua."

Nikafika nyumbani nikakuta viti. Kwetu tuna viti vinne. Hapo palikuwa na kama thelathini, na watu juu yake, vichwa chini. Nilimwuliza jirani kuna nini. Akaniangukia kifuani na kilio, sepetu ikaniponyoka, ikamwangukia mtu mguuni, naye akapiga ukelele ambao wengine waliupokea na kuuendeleza.

Kumbe zile kelele ndizo zilizomwamsha mjomba. Alitokea mlango wa nyuma, blanketi kichwani, akichechemea, akakaa kiti cha mwisho kabisa. Baadaye alinieleza kwamba aliona ni aibu kuuliza nani amekufa wakati watu wamekusanyika nyumbani kwake, akaamua kusubiri atajwe.

Akasimama jirani wa ng'ambo ya barabara. "Marehemu alikuwa mtu mwema sana," alisema, akijifuta macho. "Hana baya. Ingawa, tukisema ukweli wa Mungu, ameondoka na ngazi yangu."

"Ngazi nilirudisha!" ikasikika sauti kutoka nyuma. "Nikaiegemeza ukutani, na wewe ulikuwepo!"

Viti kadhaa vilianguka. Bibi wa kona ndiye pekee ambaye hakukimbia, na sina hakika kama alikuwa amemwona.

Jioni ilimkuta mjomba bado amekasirika. Kufa alishasamehe, kilichomuuma ni kifundo cha mguu. "Yaani mimi," akawa anarudia, "kina cha kifundo!" Nikamwambia natamani kuhamia Monowi, huko Nebraska, Marekani, ambako sensa ya 2010 ilimkuta mkazi mmoja tu, mama mzee, yeye ndiye meya na yeye ndiye mtunza maktaba. Nani atamzushia? Lakini sensa ya 2020 ikaandika wakazi wawili, kwa sababu idara ya sensa huvuruga takwimu kidogo kwa makusudi ili kulinda siri za watu. Yaani hata huko, mama wa watu kazushiwa mwenzake.

Sepetu niliirudisha usiku, kwa uchochoroni, nisikutane na mtu. Asubuhi bibi akanisimamisha pale kona. Mji mzima, akasema, unajua kwamba nimeonekana gizani na sepetu yenye matope, nikitoka kumfukua.